Nyuma ya Kanisa la Hebron

Ijumaa mchana Dewey Clack alipanda kwenye kidato cha lori langu, akaegemeza kiwiko dirishani na kuniambia kwamba Jumatatu mashine zinaingia msitu wa Ketchum.

"Ulisema mwezi ujao," nikamwambia.

"Nilisema. Sasa kuna mvua wiki ijayo, na kule chini kukilowa hakuna lori litakalotoka. Wakubwa wanataka magogo kabla njia haijaharibika."

Dewey ni msimamizi wa ukataji, mzungu wa huku huku kwetu, na mimi huendesha lori la magogo kati ya misitu yake na kiwanda. Tumefanya kazi pamoja kiasi cha kuweza kutukanana bila kununiana. Habari ya bibi yangu aliijua. Kila mtu pale kwenye uwanja wa magogo aliijua, kwa sababu niliwachosha nayo tangu siku kampuni iliponunua miti ile.

"Nipe mahali," akasema. "Nionyeshe kwa kidole, Lavon. Liwe kaburi moja, yawe makaburi mia, sitagusa. Sheria hainiruhusu, na mama yangu angefufuka anichape. Lakini siwezi kuuacha msitu mzima umesimama kwa sababu mama yako anakumbuka kitu cha alipokuwa na miaka mitano."

"Si kitu anachokumbuka. Anamkumbuka mama yake."

"Sawa. Basi nionyeshe mama yake."

Akashuka. Nikapeleka mzigo kiwandani na sikumbuki hata kona moja ya njia ile.

Mama yangu anaitwa Ozella Sturdivant. Mama yake, Leatha, alikufa akijifungua, na mtoto akafa naye. Wakawazika pamoja kwenye makaburi ya kanisa la Hebron, lililokuwa la watu weusi waliolima shamba la bwana mmoja kwa kugawana naye mazao. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua jiwe la kuandikwa jina. Watu waliweka sahani, kikombe, chupa, wakapanda ua la kutambaa ili pasipotee. Kabla ya mwaka kwisha shangazi mmoja alikuja kumchukua Mama, akampeleka kaskazini, Cleveland, kwenye viwanda na theluji. Alirudi Georgia akiwa mwanamke aliyeolewa, akalikuta kanisa la Hebron kando ya barabara kubwa, na kengele ileile, na mimbari ileile aliyoikumbuka. Makaburi ya zamani hakuyaona. Aliwauliza wazee wa enzi hizo, nao wakampungia mkono kuelekea msituni. "Yako huko nyuma," wakasema. Wazee hao sasa wote wamelala ng'ambo ya barabara, chini ya mawe mazuri yenye majina.

Alichokuwa nacho Mama ni maneno, na maneno hayo tuliyajua nyumbani kabla ya kujua sala ya chakula. Unatoka mlango wa nyuma wa kanisa, jua la asubuhi linakupiga usoni. Unashuka. Chemchemi iko mkono wa kushoto. Unaipita, unapanda kidogo, na hapo ndipo alipo.

Tulikwenda mara nyingi. Mimi na panga, dada yangu Renita na fimbo ya chuma ya kuchomea ardhi. Kutoka mlango wa nyuma wa Hebron unashuka kweli, na jua la asubuhi linakupiga kweli, lakini hakuna chemchemi. Kuna miiba, makopo ya bia, na mashine ya kufulia ambayo mtu aliona vema kuitupa huko. Halafu unafika kwenye kijito cha Ketchum na ardhi inaisha.

Jioni ile Mama alikuwa amesimama kibarazani, ameshika nguzo. Siku hizi hakai. Ana miaka themanini na kitu, magoti yamechoka, lakini tangu aliposikia habari ya miti ile anazunguka nyumba yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Umekuja na mama yangu au umekuja na njaa?"

"Njaa."

"Sufuria iko jikoni. Usimalize sukuma wiki, Renita hajala."

Nilikula nikiwa nimesimama karibu na sinki. Renita akaingia na nguo zake za kazi, maana anapika kwenye shule ya wilaya, akaniangalia usoni na kuuliza kuna nini. Nikawaambia wote wawili pamoja ili nisiseme mara mbili.

Mama alikwenda chumbani, akarudi amevaa viatu vya kanisani na mkoba begani.

"Mama, unakwenda wapi?" Renita akauliza.

"Kukaa barabarani mbele ya hizo mashine zao."

"Ni Jumatatu, Mama. Leo Ijumaa."

"Basi nitawahi nafasi nzuri."

Renita alimvua mkoba taratibu, akanigeukia mimi. "Kesho asubuhi twende maktaba ya kaunti. Kuna Bi Corinne Espy, anatunza chumba cha mambo ya zamani. Ana ramani."

"Sina haja ya karatasi. Nina miguu."

"Miguu yako imetufikisha wapi? Kwenye mashine ya kufulia."

"Nendeni," Mama akasema. Alikuwa bado amevaa viatu. "Na wewe Lavon usiende kule ukaanza ubishi wako."

Nilikwenda. Ubishi ulinifuata.

Bi Corinne ni mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na hata siku moja sijamwona akiibadilisha. Kabla hajasema lolote alitazama mikono yangu.

"Kanawe."

"Nimenawa nyumbani."

"Hiyo ilikuwa ya nyumbani. Kanawe ya hapa."

Niliporudi alikuwa amekwishatandaza mezani ramani kubwa kuliko mlango. Ilikuwa ya mwaka 1916, rangi zimepauka, kila rangi aina ya udongo wake, kwa sababu serikali ilitaka kujua wapi pamba itaota na wapi haitaota. Juu ya rangi hizo kulikuwa na vidoti vyeusi vingi kama chawa.

"Kila kidoti ni nyumba," Bi Corinne akasema. "Chenye msalaba ni kanisa. Chenye kibendera ni shule. Mnatafuta nini?"

"Makaburi ya Hebron."

"Makaburi hayamo. Aliyeichora alikuwa anapima udongo, akaweka nyumba na njia ili mkulima ajue yuko wapi. Waliozikwa hakuwauliza. Tafuteni kilichokuwa karibu nayo."

Renita alianzia mjini na kidole chake, akafuata reli ambayo haipo tena, akaja mpaka kijito cha Ketchum. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikibadilisha mguu. Kwenye kiti sikuweza kukaa. Saa ya ukutani ilikuwa inanikera.

"Hii hapa kona ya Ketchum," Renita akasema. "Kanisa lingekuwa hapa magharibi. Halipo."

"Halipo kwa sababu ramani ni mbovu."

"Lipo." Bi Corinne aliweka ncha ya kalamu bila kugusa karatasi. Kidoti chenye msalaba kilikuwa ng'ambo ya kijito, upande wa mashariki, pale ambapo mkono mdogo wa maji unaingia kwenye Ketchum. Kando yake waliandika kwa herufi za sisimizi: Hebron.

"Amekosea," nikasema. "Mtu wa udongo. Alikuwa amelewa, au alikuwa na haraka. Kanisa la Hebron nimebatizwa ndani yake, bibi. Najua lilipo."

Alikwenda kwenye droo akaleta nyingine, nyeusi na nyeupe, ya barabara za kaunti, mwaka 1939. Kidoti, msalaba, mashariki ya kijito.

"Huyu kamwiga yule."

"Yule alitembea kwa miguu akichimba udongo. Huyu alipita na gari akihesabu maili. Hawakujuana, na ofisi zao zilikuwa hazisemezani."

"Basi walikuwa walevi wawili."

"Lavon," Renita akasema.

"Lavon nini? Nenda pale kanisani kasome jiwe la msingi. Limeandikwa Hebron, 1887. Liko ukutani, mkono wa kulia unapoingia. Mwaka 1916 kanisa lilikuwa limesimama pale karibu miaka thelathini. Mtu yeyote wa Hebron atakwambia hivyo hivyo."

Bi Corinne aliishusha ile miwani ya kichwani, akanitazama nayo, akairudisha. "Jiwe linasema kanisa lilianza lini. Je, linasema lilianzia wapi?"

Nilikasirika. Akaleta kitu cha tatu, picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1951. Mashamba yalionekana kama viraka kwenye blanketi. Hapo Hebron ilikuwa magharibi, kando ya barabara kubwa, paa jeupe. Ng'ambo ya kijito, pale palipokuwa na msalaba kwenye ramani mbili, palikuwa na miche ya misonobari katika mistari.

Renita alipitisha kidole kutoka kwenye miche ile mpaka paa jeupe.

"Limevuka," Renita akasema.

"Kanisa haliogelei."

"Lavon, tazama kwa macho yako."

"Nimetazama. Mama alirudi hapa akalikuta kanisa lake. Kengele yake, mimbari yake. Unataka kuniambia hakujua?"

"Alikuwa na miaka mitano alipoondoka. Alikuta kila kitu kama alivyokiacha. Kwa nini aulize kimekaa wapi?"

Nilitoka. Nilimwachia asante zangu Renita azitoe yeye. Nje nilizunguka gari mara mbili kabla ya kufungua mlango. Kichwani mwangu kulikuwa na wale wazee wakimpungia Mama mkono. Yako huko nyuma. Nyuma ya nini? Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Hapa kwetu mtu akisema Hebron anamaanisha watu, kwaya, chakula cha Pasaka, mchungaji na maneno ya watu juu ya mchungaji. Nyumba ni mahali pa kuwekea hayo tu. Kama waliihamisha, hakuna ambaye angeona haja ya kusema. Kwao Hebron haikwenda popote.

Lakini sikutaka kuamini picha. Nilitaka kushika kitu. Nikawasha gari, na Renita akaingia likiwa tayari linaondoka.

"Ungeniacha?"

"Ungetembea. Una miguu."

Hebron imesimama juu ya nguzo fupi za matofali, na chini yake kuna nafasi ya mbwa au ya mtu asiyejali shati lake. Nilichukua tochi ya gari nikalala kifudifudi nikaingia. Buibui, vumbi, mfupa wa kuku ambao mbwa fulani alikula kwa amani. Nilifika katikati, nikageuka chali.

"Unaona nini?" Renita akauliza kutoka nje.

"Nyamaza kidogo."

"Ni nyoka?"

"Ingekuwa nyoka ningekwishakwambia."

Boriti za chini zilikuwa na matundu ya misumari isiyokuwapo. Mistari na mistari ya matundu, mahali ambapo hapakuwa na ubao wowote wa kushikwa. Hilo peke yake lingetosha. Lakini niliposogeza mwanga juu, kwenye mbao za sakafu, niliona upande wa chini wa kila ubao umelika. Ulikuwa laini, umebonyea katikati, na mabaki ya rangi nyekundu pembeni ambako miguu haikufika. Viatu ndivyo vilivyoula. Watu walitembea juu ya upande ule miaka na miaka, kisha mtu akang'oa mbao, akazipanga upya, na kwa kuwa zilikuwa zimechakaa akazigeuza ili sakafu ipate uso mpya. Hakuzipanga kama zilivyokuwa. Ubao wa njia ya katikati ulikuwa sasa kando ya ukuta, ubao wa kando ya ukuta uko katikati. Alama za nyayo zilikuwa zimetawanyika juu yangu kila upande.

Nililala pale nikiziangalia. Nikanyoosha mkono nikagusa ubao mmoja.

"Lavon, umekufa humo?"

"Walilibomoa," nikasema. "Ubao kwa ubao. Wakalileta na magari ya nyumbu, au sijui na nini. Limevuka kijito."

Nikamsikia Renita anacheka. "Nitamwambia Bi Corinne umesema nini juu ya walevi."

"Mwambie ukitaka. Leta mkono unitoe."

Ilikuwa mchana. Renita alikuwa amepiga picha ramani kwa simu. Tulizunguka kwa njia ya kampuni mpaka upande wa mashariki, tukaacha gari mahali ambapo mashine za Dewey zilikuwa tayari zimeegeshwa, mpya na za manjano, zikingoja Jumatatu. Tukaingia kwa miguu.

Msitu wa kupandwa unachosha akili. Kila mstari ni sawa na mwenzake, na chini ni majani makavu ya misonobari, kahawia mpaka jicho linapoishia. Nilitaka kukimbia. Renita alinishika shati.

"Tunafuata maji kwanza. Ramani inasema mkono mdogo unaingia Ketchum, na kanisa liko juu ya pale, kando ya njia."

"Hakuna njia hapa."

"Ilikuwapo. Tafuta."

Tuliupata mkono mdogo wa maji, mwembamba kiasi cha kuuruka. Kutoka pale tulipanda, na njia tuliiona kwa sababu tuliangukia ndani yake. Ilikuwa handaki pana lisilo refu kwenda chini, kingo mbili zikienda sambamba, kama njia inavyokuwa baada ya magari ya nyumbu kuisaga vizazi na vizazi. Misonobari ilikuwa imepandwa hadi katikati yake. Tuliifuata. Renita ndiye aliyejikwaa.

"Jiwe," akasema akishika kidole cha mguu.

Georgia yetu ya huku haina mawe ya kuokota. Nilipangusa majani kwa kiatu. Jiwe bapa, na juu yake jingine. Hatua chache mbele, mawe mengine mawili yamepangwa vilevile, halafu mengine, mpaka tukapata pembe nne na mstari wa katikati. Hapo ndipo sakafu ile ilipokaa. Uso wake ulikuwa njiani, kama kanisa lolote. Kwa hiyo mlango wa nyuma ulikuwa mashariki.

"Simama mlangoni," Renita akaniambia. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilisimama kati ya mawe mawili, mgongo kwa njia. Nikaanza kushuka. Kushoto, mahali ambapo majani makavu yaligeuka ghafla kuwa majani mabichi ya maji, palikuwa na duara la matofali yaliyozama, na ndani yake maji meusi, matulivu. Renita aliinama akachovya mkono. Mimi sikungoja. Nilipita, nikapanda kidogo, na mbele yangu ardhi ya kahawia ikakoma. Kulikuwa na zulia la kijani, ua la kutambaa, limeenea chini ya misonobari pande zote, na humo ndani vipande vyeupe vya sahani. Nilipiga hatua moja zaidi na mguu ukazama kwenye bonde dogo, refu kama mtu aliyelala, kaburi lililodidimia.

Niliutoa haraka. Nikavua kofia. Sikujua niweke wapi miguu.

Tulimleta Mama siku ileile, maana Renita alisema tukingoja kesho atakuja peke yake. Nilimwendesha mpaka nilipoweza, halafu nikambeba mgongoni kwenye kipande cha mwisho, naye akinilaumu njia nzima kwamba namrusharusha. Viatu vilikuwa vya kanisani. Nilimshusha kati ya mawe mawili ya mlango wa nyuma.

Hatukumwambia kitu. Alitazama mbele. Akageuza kichwa kushoto kabla hajashuka, kule kwenye chemchemi, ambayo kutoka pale huioni.

"Maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanauma," akasema. Kisha akatembea mwenyewe, Renita akimfuata kwa mikono iliyo tayari.

Alipofika kwenye kijani alisimama. Aliangalia mabonde yale, moja, jingine, yanayofuatana kati ya misonobari, mengine yamekatwa na mizizi.

"Yupi?"

"Hatujui, Mama."

"Mnasema nini, hamjui?"

"Hakuna majina," nikasema. "Hakuna jiwe. Tumezunguka yote."

"Waliweka kikombe chake. Niliona kwa macho yangu, shangazi alikiweka."

"Kuna vipande vingi, Mama. Kila mahali."

"Umenibeba kama gunia la viazi mpaka huku kunionyesha uwanja wa mashimo." Alininyooshea kidole. "Nilikwambia juu ya chemchemi. Nilikwambia maisha yako yote. Sasa yupi?"

Ningeweza kumwonyesha mojawapo. Renita alinitazama, na nilijua anafikiria hivyo hivyo. Bonde fupi lilikuwapo karibu na bonde refu, pale kando ya mti. Lingefaa. Lakini mama yangu amenilea mimi, na anajua ninavyoonekana ninapodanganya.

"Sijui," nikasema tena.

Akatuacha. Alianza kupita kati ya mabonde, akikanyaga kando kwa uangalifu, akiinama kwenye kila moja kana kwamba anaangalia ndani ya kitanda cha mtoto. Alikwenda mpaka mwisho wa kijani akarudi, akaenda tena. Renita alimsihi akae. Hakukaa.

Dewey alikuja jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimempigia simu kutoka kwenye gari. Alitokea kati ya mistari ya miti na kofia mkononi na bunda la utepe wa rangi ya chungwa mfukoni, akamsalimu Mama vizuri, akanivuta kando.

"Yesu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimepita hapa mimi. Nimeweka alama miti hii."

"Nimepita hapa na lori, njia ile ya juu."

"Makubwa." Alitazama juu, akahesabu miti kwa macho. Hilo ndilo linaloingia kichwani mwake kwanza, na simlaumu. "Sawa. Tunafunga utepe kuzunguka, tunaacha nafasi kidogo, na hakuna tairi litakaloingia. Nitawapigia wakubwa na watapiga kelele, halafu watanyamaza. Lakini lazima niwape mpaka. Niambie mwisho uko wapi."

"Pale kijani kinapoishia."

"Mama," Renita akaita, kwa sababu Mama alikuwa amesikia na anakuja kwetu haraka kuliko magoti yake yanavyomruhusu.

"Huyu anataka nini?"

"Anataka kufunga utepe, Mama. Wasikate."

"Aufunge wapi?"

"Kuzunguka makaburi."

Mama alimtazama Dewey kutoka kofia mpaka buti. "Wewe unajua mama yangu yuko wapi?"

"La, mama."

"Hawa nao hawajui. Mimi sijui. Kwa hiyo ukiacha hata mmoja nje, ndiye."

Dewey akanipa bunda la utepe.

Nilifunga ncha kwenye msonobari wa kwanza, kando ya zulia, nikaanza kutembea. Nilikwenda polepole, nikisogeza majani kwa kiatu kabla ya kukanyaga. Kijani kiliisha. Nilitaka kugeuka pale, na nilikwishanyoosha mkono kwenye mti, ila mguu wa kushoto ukazama. Majani makavu yalikuwa yamelijaza bonde mpaka juu. Kwa macho usingelijua. Nikalizunguka. Hatua chache, jingine, dogo, la mtoto. Nikalizunguka hilo nalo. Nyuma yangu nilimsikia Dewey akisema kitu kwa Renita kuhusu ekari.

Mti baada ya mti nilidhani nimefika. Nilisimama, nikajaribu ardhi mbele kwa kisigino, ikawa ngumu, nikashukuru, nikajaribu pembeni, ikabonyea. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Upande ule tulikokuwa tumeacha mashine sasa niliona rangi yake ya manjano kati ya miti, na mabonde yalikuwa yanaelekea huko huko.

Utepe uliniishia mkononi. Nilikuwa nimeshika ncha, na mbele yangu, kwa mguu wangu wa kulia, ardhi ilikuwa inashuka tena.

"Lavon," Dewey akaita. "Umefika mwisho?"

"Bado. Lete mwingine."

"Sina mwingine hapa. Uko kwenye gari."

"Basi nenda kwenye gari."

Alisimama akinitazama. Mama alikuwa amenifuata, ameshika utepe kwa vidole viwili, akitembea ndani yake, na alikuwa bado anaangalia kila bonde analopita. Dewey akavaa kofia yake, akaenda kuleta mwingine. Mimi nilibaki nimesimama palepale, mguu mmoja hewani, nikimngoja.